Kuusoma Uumbaji: Ishara za Viumbe katika Sanaa ya Wamistiki wa Zama za Kati

Mwanzoni mwa mwaka 1255 tembo alishushwa katika bandari ya Sandwich, kusini-mashariki mwa Uingereza. Alikuwa zawadi ya Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa kwa Mfalme Henry wa 3, naye akajengewa banda lake ndani ya ngome ya Mnara wa London. Watu walimiminika kwenda kumwona. Mmoja wao alikuwa Matthew Paris, mmonaki Mbenediktini wa St Albans, mwandishi wa historia na mchoraji hodari. Alimchora tembo huyo pamoja na mtunzaji wake, ili msomaji aupime ukubwa wa mnyama kwa kimo cha binadamu, na akamchora akiwa na magoti yenye viungo.

Magoti hayo yalikuwa habari mpya. Vitabu vya wanyama vilivyosomwa monasterini vilieleza kwamba tembo hana viungo miguuni. Hulala akiwa ameegemea mti. Mwindaji huukata mti huo nusu, na tembo akiuegemea huanguka nao asiweze kuinuka. Huja tembo mkubwa kumwinua, akashindwa. Huja wengine 12, wakashindwa. Mwishowe huja tembo mdogo kuliko wote, akapitisha mkonga wake chini ya aliyeanguka na kumsimamisha. Kila sehemu ya kisa ilikuwa na tafsiri yake: aliyeangushwa na mti ni Adamu, tembo mkubwa ni Torati, wale 12 ni manabii, na yule mdogo ni Kristo aliyejinyenyekeza.

Mchoro mmoja na kisa kimoja vinatosha kuibua swali zima. Je, watu waliozoea kuona fundisho la imani katika kila mnyama, mti na nyota, waliviona kweli viumbe vyenyewe? Imezoeleka kusemwa kwamba hawakuviona. Kwamba ishara zilikuwa pazia, na macho ya Ulaya yalifumbuka baada ya zama hizo kupita. Kazi zilizobaki zinasimulia vingine. Katika makanisa, vitabu na picha zilizotengenezwa kati ya karne ya 12 na ya 15 kwa ajili ya sala, hasa sala ya wamistiki, yaani watu walioutafuta muungano na Mungu kwa ukimya na taamuli, kiu ya kusoma maana ndiyo iliyowasukuma wasanii kumsogelea kiumbe na kumchunguza.

Herufi zilizoandikwa na Mungu

Msingi wa mtazamo huo ulikuwa wa kale. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba mambo ya Mungu yasiyoonekana hufahamika kwa kuvitafakari vitu alivyoviumba. Hugo wa Saint-Victor, mwalimu wa Paris aliyefariki mwaka 1141, aliifikisha hoja hiyo mbali zaidi: ulimwengu unaoonekana ni mfano wa kitabu kilichoandikwa kwa kidole cha Mungu, na viumbe ni maandishi yake. Asiyejua kusoma huziona herufi zile zile anazoziona msomi, ila hapati neno. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1259, Bonaventura, mkuu wa shirika la Wafransisko, alikwenda kusali katika mlima wa La Verna, Italia, akaandika kitabu kuhusu safari ya roho kwenda kwa Mungu. Safari hiyo inaanzia chini, kwa viumbe, ambavyo yeye aliviita nyayo za Muumba.

Usomaji huu ulikuwa na kanuni moja inayosahaulika mara nyingi. Maana ya kiumbe ilitoka katika tabia zake. Simba anayelala macho wazi alimwakilisha Kristo, ambaye mwili wake ulilala kaburini huku umungu wake ukikesha. Simba yule yule, akinguruma na kutafuta windo, alikuwa Ibilisi, kama unavyoonya Waraka wa kwanza wa Petro. Hapakuwa basi na orodha moja ambayo msanii angeitazama na kujua kwamba simba siku zote ni fulani. Ilimbidi aulize kila mara: ni tabia ipi inayoonyeshwa hapa? Na anayeuliza swali hilo kizazi baada ya kizazi, iko siku atataka kumwona simba mwenyewe.

Mwari, simba na mnyama wa pembe moja

Visa vingi vya wanyama vilitoka katika kitabu kidogo cha Kigiriki kiitwacho Physiologus, kilichoandikwa na mtu asiyejulikana, yaelekea huko Alexandria nchini Misri, katika karne za mwanzo za Ukristo. Kilitafsiriwa kwa Kilatini, Kisiria, Kiarmenia na lugha nyingine. Kilitafsiriwa pia kwa Kigeez, lugha ya ibada ya Kanisa la Ethiopia, karne kadhaa kabla ya watawa wa Uingereza kuanza kukipanua na kukipamba kwa picha. Kati ya vitabu hivyo vya Kiingereza vya karne ya 12 na ya 13, kinachojulikana zaidi ni kile kilichohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, cha mwaka 1200 hivi, ambacho picha zake za wanyama zimewekwa juu ya dhahabu inayong'aa hadi leo.

Humo simba hufuta nyayo zake kwa mkia ili wawindaji wasimfuate, kama Kristo alivyouficha umungu wake. Watoto wake huzaliwa wakiwa maiti, na siku ya tatu baba yao huwapulizia pumzi wakafufuka. Mwari huwaua makinda yake yanapompiga usoni, kisha siku ya tatu hujitoboa ubavu na kuyafufua kwa damu yake. Mnyama wa pembe moja, ambaye hakuna mwindaji anayemweza, huja mwenyewe kwa hiari na kulaza kichwa mapajani mwa bikira. Huyo ni Mwana wa Mungu anayetwaa mwili tumboni mwa Maria.

Kati ya hao wote, mwari ndiye aliyepenya zaidi katika sala. Alichongwa juu ya viti vya watawa, akapakwa juu ya ncha ya msalaba, akahusishwa na Ekaristi. Hapo ishara ilifanya kazi ambayo maelezo marefu yasingeiweza: mtu aliyepiga magoti mbele ya msalaba aliona juu yake ndege akitoa damu kwa ajili ya watoto, akaelewa.

Lakini usomaji huo ulikuwa na upande wenye giza, na haifai kuupita kimya. Bundi, kwa kuwa hukimbia mwanga, alifanywa katika vitabu hivyo kuwa mfano wa Wayahudi waliomkataa Kristo. Fisi naye alipewa maana ya namna hiyo hiyo. Picha za bundi aliyezingirwa na ndege wadogo wanaomdonoa zilichongwa pia makanisani. Uingereza iliyovipenda vitabu hivi iliwafukuza Wayahudi wake wote mwaka 1290. Njia ile ile ya kumsoma kiumbe iliyomfundisha mtu huruma kwa mfano wa mwari, ilimfundisha pia kumdharau jirani kwa mfano wa ndege asiye na kosa lolote.

Kijani kitokacho msalabani

Anayeingia katika kanisa la San Clemente mjini Roma, karibu na magofu ya Colosseum, hukutana na mozaiki iliyoijaza nusu kuba ya nyuma ya altare, kazi ya nusu ya kwanza ya karne ya 12. Katikati kuna msalaba wenye njiwa weupe 12. Chini yake umechipuka mmea mkubwa, na matawi yake yamejikunja duara baada ya duara juu ya dhahabu hadi yakaifunika kuba yote. Mito minne ya Peponi inatiririka miguuni mwa msalaba, na ayala wanakunywa kama katika Zaburi ya 42. Jicho likishuka kidogo linakuta wachungaji na mifugo yao, ndege wa kila namna, na mwanamke anayewalisha kuku.

Maandishi yaliyo chini ya picha yanafafanua kwamba Kanisa ni mzabibu ambao Torati iliukausha na msalaba ukaurudishia ukijani wake. Fundi angeweza kuishia kwenye njiwa na ayala, ambao walikuwa ishara za tangu zamani. Kuku aliwaingiza kwa kuwa hoja yake iliwahitaji. Ikiwa msalaba umeirudishia dunia uhai, uhai huo lazima ufike mpaka uani kwa mama anayetupa punje.

Wazo hilo la ukijani lilipata msemaji wake mkuu kando ya mto Rhine, Ujerumani. Hildegard wa Bingen alizaliwa mwaka 1098, akalelewa monasterini tangu utoto, na karibu mwaka 1150 akawahamisha masista wake hadi Rupertsberg, kwenye monasteri aliyoianzisha mwenyewe. Kuanzia 1141, kwa muda wa miaka 10 hivi, aliandika njozi zake katika kitabu kiitwacho Scivias. Humo nguvu ya kijani, viriditas kwa Kilatini, ndiyo inayopanda kutoka mzizini hadi kwenye jani. Ndiyo pia neema ya Roho Mtakatifu moyoni mwa mtu, na ndiyo iliyomfanya Bikira Maria kuwa tawi lililochanua. Dhambi ni ukavu. Hildegard alikuwa pia mjuzi wa tiba, na kitabu chake kingine kinaeleza mimea zaidi ya 200 na faida zake kwa mwili. Aliposema kwamba roho hukauka, alisema kama mtu aliyeshika majani mabichi na makavu kwa mikono yake na kujua tofauti yake.

Karibu mwaka 1175 nakala ya Scivias ilipambwa kwa picha 35 ambazo hazina ndugu katika sanaa ya wakati ule. Mojawapo inauonyesha ulimwengu ukiwa na umbo la yai lililosimama. Tabaka la nje ni moto mwangavu, na ndani ya moto huo kuna jua, ambalo ni Kristo, na juu ya jua mienge mitatu ya Utatu. Linafuata tabaka la moto mweusi, makao ya radi na mvua ya mawe. Kisha kuna anga safi lenye nyota na mwezi, na mwezi huo ni Kanisa linaloangazwa na Kristo. Kisha hewa yenye maji, ishara ya ubatizo. Na katikati kabisa dunia. Picha hii ni ramani ya maumbile, ni fundisho la wokovu, na ni kitu cha kutulia mbele yake katika sala, yote kwa pamoja.

Nakala hiyo ilipelekwa Dresden kwa usalama wakati wa Vita Kuu ya Pili, na tangu 1945 haijaonekana tena. Tunazijua rangi zake kwa sababu masista wa monasteri ya Eibingen walikuwa wameinakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, kati ya 1927 na 1933.

Mti unaobeba historia

Wanyama walifundisha kwa visa. Mti ulifundisha kwa umbo lake: una mzizi, shina, matawi na matunda, na kila sehemu inategemea iliyo chini yake. Kwa wasanii waliotaka kuonyesha jambo refu katika ukurasa mmoja, hakikuwepo chombo bora zaidi.

Mwaka 1121 Lambert, padri wa Saint-Omer huko Flanders, alikamilisha kitabu kikubwa cha maarifa, na nakala aliyoiandika kwa mkono wake ipo bado mjini Ghent. Alichora miti miwili ikitazamana. Mmoja ni mti mwema, ambao matawi yake ni fadhila, na kila tawi lina majani ya aina yake. Wa pili ni mtini wa maovu, na shinani pake yamewekwa mashoka, kama Yohane Mbatizaji alivyoonya. Hata katika mchoro wa kufundishia, fundi aliona upendo na uvumilivu havistahili kupewa jani la namna moja.

Abati Suger alipolifungua jengo jipya la altare la Saint-Denis, karibu na Paris, tarehe 11 Juni 1144, miongoni mwa vioo vyake vya rangi kilikuwepo cha Mti wa Yese, kilichotokana na unabii wa Isaya sura ya 11. Miaka michache baadaye Chartres wakatengeneza chao. Yese, babu wa nasaba ya Daudi, amelala. Mti umetoka mwilini mwake. Wafalme wamepandana shinani hadi kwa Maria, na juu kabisa Kristo amezungukwa na njiwa saba wa vipaji vya Roho. Suger aliamini kwamba mwanga unaoonekana huiinua akili hadi kwenye Mwanga usioonekana. Katika kioo, basi, ishara mbili zilishikana: mti ulisimulia nasaba, na jua lenyewe, saa baada ya saa, liliupa uhai wake.

Huko Calabria, kusini mwa Italia, abati Joakimu wa Fiore, aliyefariki 1202, aliuchora mti kama historia ya dunia nzima, ukipita katika zama za Baba, za Mwana na za Roho. Katika baadhi ya michoro yake mti unageuka kuwa tai, matawi yakawa mabawa.

Wafransisko walileta mti huo karibu zaidi na mtu anayesali. Bonaventura aliandika karibu mwaka 1260 tafakuri ya Mti wa Uzima wenye matawi 12: manne ya chimbuko na maisha ya Kristo, manne ya mateso na manne ya utukufu. Karibu mwaka 1310 Pacino di Bonaguida aliipaka tafakuri hiyo kwa ajili ya masista Waklara wa Monticelli, nje ya Florence. Ubao huo, ulioko sasa katika jumba la Accademia, una msalaba ambao ni mti. Katika kila tawi zinaning'inia picha ndogo za duara kama matunda, kila moja tukio la Injili, na chini kabisa ni hadithi ya Adamu na Hawa na mti wao. Sista hakuhitaji elimu ya chuo kikuu. Alianza tawi la chini na kupanda, tunda kwa tunda, kwa muda wowote aliotaka.

Aliyewakemea nyani

Sauti ya kupinga ilitoka kwa mtu mwenye uzito mkubwa. Karibu mwaka 1125 Bernardo wa Clairvaux aliandika akilalamikia nyani, simba na viumbe nusu-watu waliochongwa kwenye nguzo za monasteri. Aliona kwamba vilikuwa vingi na vya ajabu kiasi kwamba mmonaki angemaliza siku akivishangaa badala ya kuitafakari sheria ya Mungu, na gharama yake ilikuwa aibu mbele ya maskini.

Shirika lake la Wasistersiani lilimfuata. Miaka michache kabla, wamonaki wa shirika hilo huko Cîteaux walikuwa wamenakili kitabu cha Gregori Mkuu juu ya Ayubu, wakakimaliza mwaka 1111, na herufi zake kubwa zilikuwa picha za maisha yao: katika mojawapo shina refu la mti ndiyo herufi yenyewe, nao watu wanaliangusha kwa shoka. Baadaye sheria za shirika ziliagiza herufi za rangi moja bila picha, na vioo visivyo na rangi. Hata hivyo Bernardo huyo huyo ndiye aliyemwandikia rafiki kwamba misituni atapata mafundisho ambayo vitabu havitampa, na ndiye aliyehubiri mara 86 juu ya Wimbo Ulio Bora, kitabu kilichojaa mizabibu, mayungiyungi na chemchemi. Ugomvi wake ulihusu viumbe vya kubuni vinavyoiba macho. Hoja yake haikuyagusa maua ya kweli, na madirisha ya Wasistersiani yalijaa mistari iliyosukwa na majani.

Kutoka kitabuni hadi kichakani

Karne ya 13 ilibadilisha uzani wa mambo. Fransisko wa Assisi alitunga karibu mwaka 1225, akiwa mgonjwa na karibu kipofu, wimbo unaoviita jua, mwezi, upepo, maji na moto kaka na dada. Alifariki 1226. Miaka tisa tu baadaye Bonaventura Berlinghieri alipaka ubao wa altare kwa ajili ya kanisa la Pescia, na kati ya matukio sita yaliyomzunguka mtakatifu aliweka lile la kuwahubiria ndege. Mwishoni mwa karne hiyo tukio hilo likapakwa tena, kwa ukubwa wa ukuta, kando ya mlango mkuu wa basilika ya juu ya Assisi, kati ya picha 28 za maisha yake.

Angalia kilichobadilika. Ndege wa Pescia na wa Assisi hawamwakilishi mtu mwingine. Wao ni wasikilizaji. Wanahubiriwa kama ndege, wanahimizwa kumsifu Muumba kwa ajili ya manyoya na mabawa yao wenyewe. Kiumbe kimeacha kuwa herufi tu na kimekuwa mwanajumuiya, na mchoraji aliyempa nafasi hiyo alilazimika kumpa pia umbo la ndege anayetambulika.

Wakati huo huo Alberto Mkuu, Mdominiko wa Cologne, aliandika vitabu vikubwa juu ya wanyama na mimea, akivipima visa vya kale kwa macho yake. Kisa cha mwari na damu yake alikiona hakijathibitishwa na uzoefu. Dai la kwamba aina fulani ya bata bukini huota mitini alilikataa, kwa kuwa ndege hao walionekana wakipandana na kutaga. Alberto alikuwa mtawa na mwalimu wa teolojia. Hakuona kwamba ukweli kuhusu ndege unamnyang'anya Mungu chochote.

Matunda ya mtazamo huo yanaonekana wazi katika kanisa la Southwell, Nottinghamshire, Uingereza. Ukumbi wa baraza la mapadri wake ulijengwa mwishoni mwa karne ya 13, na vichwa vya nguzo zake vimefunikwa na majani ya mawe. Mchongaji wa vizazi vilivyotangulia alichonga jani lisilo la mti wowote. Wa Southwell amechonga mwaloni na matunda yake, mzabibu, waridi mwitu, hopi inayotumika kutengenezea bia, na mimea ya miiba inayoota kwenye ua wa mashamba, kila mmoja ukiwa na mishipa yake na namna yake ya kujikunja. Nguruwe wanakula matunda ya mwaloni. Nyuso za watu zinachungulia kati ya majani. Mwanahistoria Nikolaus Pevsner aliyaandikia majani hayo kitabu kizima mwaka 1945, akiyahusisha na elimu ya wakati wa Alberto. Hakuna maandishi ukutani yanayoeleza maana ya kila jani, na hayakuhitajika: yaelekea waliokaa chini yake walijua kwamba yeyote anayejenga nyumba ya Mungu hualika uumbaji wote humo.

Mwaloni huo huo ulikuwa pia kazini katika chumba cha waandishi, maana wino mweusi ulipikwa kutokana na vinundu vya mwaloni vilivyosababishwa na wadudu. Kurasa zilikuwa ngozi za ndama na kondoo. Rangi ya buluu ya joho la Maria, iliyo ghali kupita zote, ilisagwa kutoka katika jiwe la lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan. Sanamu ndogo za Maria zilizochongwa Paris katika karne ya 13 na ya 14 zilitoka katika pembe za tembo wa Afrika, na mkunjo wa pembe ndio uliomfanya Mama huyo ainame kidogo kumwelekea Mtoto.

Bustani iliyofungwa

Ishara iliyokusanya nyingine zote ndani yake ilikuwa bustani. Wimbo Ulio Bora unamlinganisha bibi arusi na bustani iliyofungwa na chemchemi iliyotiwa muhuri. Wahubiri walimsoma bibi arusi huyo kama Kanisa, kama Maria, na kama roho ya kila anayempenda Mungu. Karibu mwaka 1300, katika eneo la Flanders au Rhine, kilitengenezwa kitabu cha sala kinachoitwa leo Rothschild Canticles, kilichopo katika Chuo Kikuu cha Yale. Kinaenea kiganjani. Mmiliki wake, yaelekea mwanamke, alizifungua kurasa na kuiona roho ikikutana na Mpenzi wake bustanini, kisha, kurasa za mbele, Utatu ukiwa jua, miali na vitambaa vinavyofungana, hadi maumbo ya watu yanakaribia kutoweka. Bustani ilikuwa mlango; baada yake picha zenyewe zinakiri kwamba zimefika mwisho wa uwezo wake.

Ubao mdogo wa Frankfurt, uliopakwa na fundi asiyejulikana wa eneo la Rhine ya juu kati ya 1410 na 1420, unastahili kutazamwa polepole. Una urefu wa sentimita 26 hivi na upana wa 33, nao uko katika jumba la Städel. Maria ameketi anasoma, Mtoto anacheza kinanda cha nyuzi nyasini, mwanamke mmoja anachuma cheri na mwingine anachota maji. Pembeni vijana wanaongea. Malaika Mikaeli ana shetani mdogo miguuni, na joka la Mtakatifu George, dogo kama mjusi, limelala chali limekufa. Uovu umeshindwa, na hakuna hata anayejisumbua kuutazama.

Kisha kuna mimea. Wataalamu wametambua zaidi ya aina 20, na ndege wa aina 12 hivi, kati yao mdiria, hudihudi, kigogota na chiriku. Mstroberi una maua na matunda kwa wakati mmoja, sawa na Maria aliye bikira na mama. Jani lake lenye sehemu tatu ni Utatu. Yungiyungi ni usafi, waridi ni upendo. Chiriku hula mbegu za mibaruti na ana wekundu usoni, kwa hiyo alihusishwa na taji la miiba na damu ya Mateso. Ondoa usahihi na ishara zinaanguka, kwa sababu ua lisilotambulika halina tabia ya kusomwa. Mchoraji alihesabu majani ya mstroberi kwa sababu idadi yake ilikuwa na maana.

Kufikia mwaka 1500 lugha hiyo ilianza kulegea. Mazulia saba ya ukutani ya mnyama wa pembe moja, yaliyofumwa kati ya 1495 na 1505 na kuhifadhiwa sasa New York, yana mimea ya aina 101, ambayo 85 imetambuliwa. Mnyama anayewindwa, kuuawa na kuonekana tena akiwa hai ndani ya uzio anaweza kuwa Kristo. Anaweza pia kuwa bwana arusi aliyenaswa na mapenzi. Wasomi wanabishana bado. Maua yamebaki sahihi kabisa, ila hayamlazimishi tena mtazamaji kusali.

Wanaosoma leo

Mwaka 2012 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza Hildegard kuwa Mwalimu wa Kanisa. Mwaka 2015 Papa Fransisko alitoa waraka Laudato si' juu ya utunzaji wa mazingira, akauita kwa maneno ya wimbo wa Fransisko wa Assisi, na Novemba mwaka huo huo akaja Nairobi, akapanda mti katika ofisi za Umoja wa Mataifa, Gigiri, na kuzungumzia hatima ya dunia. Tangu hapo picha za watakatifu hao zimezoeleka katika mabango ya upandaji miti na semina za parokia.

Matumizi hayo yana haki yake, lakini hupunguza kitu. Hildegard hakuandika juu ya uhaba wa misitu, na ndege wa Assisi hawakupakwa kwa sababu walikuwa wakitoweka. Kinyume chake pia ni hasara: wako wanaopita mbele ya Mti wa Yese au ubao wa Frankfurt wakitafuta tu kila kitu kinamaanisha nini, kana kwamba ua likishafasiriwa kazi yake imekwisha. Masimulizi ya kale ya Wafransisko yanaeleza kwamba Fransisko aliwaagiza ndugu waliokata kuni wasiukate mti wote bali waache sehemu, ili upate kuchipua tena, na kwa ajili ya upendo wa Kristo aliyeukamilisha wokovu juu ya mti wa msalaba. Sababu ya kwanza inatazama kisiki na machipukizi yake, ya pili inatazama Kalvari, na aliyetoa agizo hilo hakuona kwamba inambidi achague kati ya hizo mbili.